Mwamba Uliovunjika Kidole

Kila Jumatatu gazeti la michezo lilifika mjini saa saba mchana, habari zake zimekwishapoa kama chai ya mgonjwa. Hapo fundi cherehani mmoja aliacha chochote alichokuwa akishona, akalitandaza gazeti juu ya meza ya kukatia, kisha akavua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake. Hakuanza kwa kusoma. Alianza kwa kupima.

Tausi, timu ya mji mkuu: ukurasa wa kwanza wote, wa pili wote, wa tatu nusu. Mshambuliaji wa Tausi kanunua mbwa: sentimita kumi na nane, pamoja na picha ya mbwa. Nyundo, timu ya mji wake mwenyewe, iliyokwenda ugenini ikashinda mbili bila: sentimita nne, chini ya tangazo la dawa ya mende. Vipimo hivyo vyote aliviandika nyuma ya daftari lile lile la vifua na viuno vya wateja. Alikuwa na mwaka wa saba akifanya hivyo. Watu wakamwita Sentimita, na jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye kitambulisho tu.

"Mbwa kapata kumi na nane," aliwaambia waliokaa kwenye benchi la mlangoni. "Sisi tumepata nne. Kwa hiyo mbwa anatuzidi mara nne na nusu."

"Na hata goli hajafunga," akadakia kinyozi wa mlango wa pili, ambaye siku za Jumatatu alinyoa kwa haraka ya kutisha ili awahi benchi.

Sentimita alikuwa amewasoma wale waandishi mpaka akawajua kuliko walivyojijua. Tausi wakishinda, ni ufundi. Wakitoka sare, uwanja ulikuwa mbovu. Wakifungwa, refa. Nyundo wakishinda ni bahati, na wakifungwa ndiyo kawaida yao. Mara nyingi hata jina hawakuandikwa. Waliitwa "timu moja ya mikoani", kana kwamba mikoani kuna timu moja tu na watu wote wa huko huivaa jezi hiyo hiyo kwa zamu. Kurasa za Tausi hakuzitupa, kwa sababu fundi hatupi karatasi. Alizikatia vielelezo vya suruali, sehemu ya makalio, na alihakikisha uso wa nahodha umeangukia mahali panapostahili.

Dharau yake ilikuwa na msingi mmoja, nao aliurithi kwa baba yake pamoja na cherehani: utepe haujui mtu. Sentimita ni sentimita, kwa tajiri na kwa mkata. Bibi harusi mmoja aliwahi kumwomba amwandikie kiuno pungufu kwa sentimita mbili, si kwa gauni, kwa ajili ya moyo wake tu. Alikataa. Bibi harusi akalia pale dukani, akashonewa gauni linalomtosha, akaolewa bila kumwalika fundi. Sentimita alikisimulia kisa hicho kwa fahari, kwa watu ambao walikuwa wamekisikia mara tisa.

Lakini hasira haikuwa ya sentimita peke yake. Ilikuwa ya Komeo.

Komeo alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake mdogo. Baba yake alifariki Komeo akiwa mdogo, hivyo alikulia nusu kwa mama yake na nusu chini ya meza ile ya kukatia, akidaka mabonge ya nyuzi aliyorushiwa. Sasa alikuwa kipa wa Nyundo, na jina la Komeo alipewa na mashabiki kwa sababu akifunga, kumefungwa. Msimu ule, katika mechi kumi na tisa, alikuwa ameruhusu magoli tisa. Makipa wawili wa Tausi, kwa pamoja, walikuwa wameruhusu ishirini na mbili, na wote wawili walikuwa wakitajwa kwa ajili ya timu ya taifa. Komeo alikuwa na miaka ishirini na tisa. Orodha ya timu ya taifa ilikuwa inatoka wiki chache zijazo, na asipokuwemo safari hii, hatakuwemo tena. Hilo kila mtu kwenye benchi alilijua, na kila mtu aliamini kwamba kocha wa taifa huchagua wachezaji kwa kusoma gazeti.

"Kaka, chema chajiuza," dada yake alimwambia.

"Chajiuza kikitolewa nje ya gunia," akajibu Sentimita. "Cha kwetu kimefungwa kamba, na aliyeshika kamba anaandika habari za mbwa."

Jumamosi moja Tausi wakaja mjini. Sentimita alikaa nyuma ya goli, hatua nane kutoka kwenye nyavu. Dakika ya themanini na nane, bado bila kwa bila, Tausi wakapewa penalti. Ilikuwa penalti ya haki au haikuwa, hilo tuwaachie wenye macho. Mpigaji alikuwa yule yule mwenye mbwa. Akapiga mpira kwa nguvu zote, juu, pembeni. Komeo akaruka, mkono wa kulia ukaufikia mpira, ukaupeleka nje kuwa kona.

Sasa, mwamba wa goli la uwanja ule ni bomba la chuma. Mpira ukiugonga, unalia kama kengele ya shule, na wauza nyanya wa sokoni huinua vichwa. Jioni ile haukulia. Kilichosikika ni kofi la mpira kwenye kiganja, na baada yake uwanja mzima ukapiga kelele mpaka refa akasahau kutazama saa. Mechi ikaisha sare.

Jumatatu, saa saba, Sentimita alipima kabla ya kusoma, kama desturi. Habari ya mechi ilikuwa na sentimita thelathini na mbili, kwa kuwa Tausi walikuwemo. Kisha akamkabidhi kinyozi asome kwa sauti.

"Tausi jana walinyimwa ushindi na uwanja usiofaa hata kwa malisho," kinyozi akasoma. "Penalti safi iligonga mwamba. Laiti mwamba ungekuwa chini kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine. Mwamba huo huo…"

"Acha," akasema Sentimita. "Kipa katajwa wapi?"

Kinyozi akapitisha kidole mstari kwa mstari, akafika chini, akarudi juu. "Hayumo. Mwamba umetajwa mara tatu."

"Na hiyo mechi ilikuwa Jumamosi, yeye kaandika jana," akasema mtu mmoja wa benchi.

"Huyo hakuja," akasema Sentimita, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. "Angekuja angejua kwamba mwamba haukulia."

Siku iliyofuata Komeo mwenyewe akaja dukani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa pamoja kwa bandeji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hicho kidole kimepatwa na nini?"

"Kimeteguka tu. Mjomba, nataka suti. Ya bluu iliyokolea. Unaweza kunimalizia ndani ya wiki mbili, tatu?"

Sentimita akamtazama juu ya miwani. Huyu kijana tangu azaliwe alikuwa hajavaa koti. "Unaoa?"

"Siyo kuoa. Nina safari."

"Safari gani ya suti?"

Komeo akacheka, akatupa jicho kwenye benchi, ambako kinyozi alikuwa amenyamaza ghafla kama mtu anayesali. "Wewe shona tu, mjomba. Wewe ukijua leo, kesho anajua mpaka muuza maji."

Sentimita alijisikia vibaya kidogo, maana lilikuwa la kweli. Akampima: mabega, kifua, mkono. Alipofika kwenye kifundo cha mkono wa kulia, Komeo alikunja uso. Fundi akaandika kipimo, akafunga daftari, na jioni hiyo hiyo akaanza kukata.

Alhamisi dada yake akaja na bahasha kubwa aliyoikuta chini ya godoro la mwanawe. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei na karatasi ya daktari.

"Kaka, nisomee. Kaniambia kimeteguka. Mtu hafichi kilichoteguka chini ya godoro."

Sentimita akaisoma karatasi. Mfupa wa kidole cha kati umepata ufa. Apumzishe mkono wiki tatu. Kisha akaiinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha. Vidole vyeupe vitano, na kwenye kimoja mstari mwembamba kama uzi uliokatika. Akautazama mstari ule, na moyo wake, hatuwezi kuficha, ukajaa furaha.

"Mwamba huu hapa," akasema. "Mwamba wao umevunjika kidole! Tangu lini bomba la chuma likaenda kwa daktari?"

"Nakuuliza, mwanangu atapona?"

"Atapona. Wiki tatu tu. Dada, niachie hii picha."

"Uifanyie nini?" Alimjua kaka yake. "Mtoto kaificha kwa sababu zake. Zungumza naye kwanza."

"Nitazungumza naye."

Na alikusudia kweli kuzungumza naye. Ila aliona ni vizuri zaidi azungumze naye akiwa na gazeti mkononi.

Ijumaa alipanda basi la alfajiri, na saa nne alikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la gazeti, daftari kwapani na bahasha kifuani. Aliomba kumwona yule anayejiita Mchambuzi, mwandishi ambaye picha yake hukaa juu ya safu yake kila wiki. Kwenye picha alikuwa na nywele. Aliyekuja kumpokea alikuwa na upara, tumbo la kukalia kiti muda mrefu, na adabu nyingi. Adabu hizo zilimuudhi Sentimita kuliko matusi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa matusi.

Akafungua daftari. Akamwonyesha miaka saba. Mchambuzi alifuata kwa kidole, akipiga miayo ya kistaarabu, mpaka akafika kwa mbwa.

"Ah, yule mbwa!" akasema kwa uchangamfu. "Wasomaji walimpenda sana."

"Mechi ya Jumamosi ulikuwepo?"

"Mzee wangu, mikoani ni mbali. Ile tuliipata kwa simu."

"Kwa nani?"

"Kwa msemaji wa Tausi."

Alisema hivyo bila haya hata kidogo, kama mtu anayetaja duka anakonunua sukari. Sentimita akaitoa picha ya eksirei, akaibandika kwenye kioo cha dirisha kwa kiganja chake.

"Mtazame huyo mwamba. Ule mkono ndio uliodaka penalti. Huyo ni kipa wa Nyundo, anaitwa Komeo."

Hapo Mchambuzi akazinduka. Miayo ikakoma. Akasimama, akasogea dirishani, akavuta kalamu. "Komeo? Huyu Komeo kavunjika kidole?"

"Ndiye."

"Una hakika?"

"Karatasi ya daktari hii, isome mwenyewe jina." Aliishika mwenyewe, kidole gumba kikiwa kimefunika pale chini penye maandishi ya daktari.

"Atakaa nje kwa muda gani?"

Miaka saba, na hayo yalikuwa maswali ya kwanza gazeti lile kumuuliza mtu wa mji wake. Sentimita akafikiri. Wiki tatu. Wiki tatu ni za mtu aliyejikwaa kwenye ngazi. Wiki tatu atazipata hata mshona vifungo akijichoma sindano. Kwa penalti ile, kwa kishindo kile, mbele ya mtu huyu wa kuandika kwa simu, wiki tatu zilionekana chache mno.

"Wiki sita," akasema.

Mchambuzi akaandika sita. Akaipiga picha ile eksirei, akashukuru mara mbili, akamsindikiza mgeni mpaka kwenye ngazi. "Kesho utaiona, toleo la Jumamosi. Kubwa," akasema.

"Andika kwamba alidaka. Haikugonga mwamba."

"Nimekuelewa kabisa, mzee wangu."

Sentimita alirudi nyumbani akitabasamu peke yake kwenye kiti, na usiku hakulala vizuri kwa shauku. Asubuhi akaishika suti ya Komeo, akaimaliza yote isipokuwa vifungo, akaitundika kwenye msumari ukutani. Kinyozi, aliyedokezwa tu kwamba gazeti la leo lina jambo, alikuwa amefunga saluni mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa msiba. Saa saba gazeti likaja, na benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wengine wamesimama.

Ilikuwa ukurasa wa nyuma, mzima. Eksirei ya Komeo ilikuwa katikati, kubwa kuliko mbwa. Juu yake kichwa cha habari: KIPA NJE WIKI SITA. Sentimita akavua utepe, akapima mara mbili, maana mara ya kwanza hakuamini.

"Arobaini na moja," akasema.

Shangwe iliyopigwa pale ilimfanya mwenye duka la ng'ambo atoke nje kutazama. Walikumbatiana. Mtu mmoja alilia. Ndipo kinyozi akakumbuka kwamba gazeti pia husomwa, akalichukua, akakohoa.

"Kipa wa Nyundo, ambaye jina lake lilikuwemo kwenye orodha ya timu ya taifa inayotangazwa leo, ameondolewa," akasoma, kisha akapunguza mwendo. "Ameondolewa baada ya gazeti hili kuwafichulia viongozi jana kwamba amevunjika kidole na atakaa nje wiki sita. Kambi ya taifa inaanza baada ya wiki nne. Nafasi yake imechukuliwa na kipa wa pili wa Tausi. Kipa huyo wa mikoani aliumia katika mechi ya wiki iliyopita, ile ambayo penalti ya Tausi iligonga mwamba."

Kinyozi alirudia mstari wa kwanza kimya kimya, midomo ikicheza.

"Alikuwemo," akasema mtu wa benchi. "Jamani. Alikuwemo."

Komeo aliingia wakati huo, mama yake nyuma yake. Watu wakampisha. Alikuwa na gazeti lake mwenyewe, limekunjwa mara nne, kwenye mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mjomba."

Hata siku hiyo alimwamkia. Sentimita akaitikia kwa shida.

"Kocha alimtuma mtu kwenye mechi," Komeo akasema, kwa taratibu, kama anamweleza mtoto. "Alikaa nyuma ya goli. Kule kule ulikokaa wewe. Jumapili wakanipigia simu, wakaniambia nimo, ninyamaze mpaka itangazwe, na kila mchezaji afike kambini na suti. Daktari kanipa wiki tatu. Kambi inaanza baada ya wiki nne. Nikaona kidole kitapona, na hakuna atakayejua."

"Wiki tatu?" kinyozi akapasuka. "Tatu? Sasa hizo sita hawa wamezitoa wapi? Waongo wakubwa! Wametunga ili wampe nafasi mtu wao! Watu hawa watatuzidishia mpaka siku za kufa!"

Benchi lote likawaka. Wakasema waende mji mkuu, wote, leo hii. Wakasema washtaki. Wakasema daftari la miaka saba ndilo litakuwa shahidi, na atakayelisoma mbele ya hakimu ni Sentimita, kwa kuwa huyu mtu tangu awe fundi hajawahi kumwongezea mtu hata nusu sentimita. "Si ndiyo, fundi? Sema!"

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Pale dukani hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye angemwamini Mchambuzi dhidi ya Sentimita. Katika sentimita zote arobaini na moja, mwamba walikuwa wameutunga wao, na neno "mikoani" lilikuwa lao, na kipa wa pili wa Tausi alikuwa wao. Sita peke yake ndiyo waliyoandika kama walivyoambiwa. Fundi aliitazama suti ukutani, akaona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Sita niliwaambia mimi," akasema.

"Umesemaje?" kinyozi akauliza.

"Mimi ndiye niliyewapelekea picha. Waliniuliza atakaa nje muda gani. Tatu niliziona chache."

Dada yake alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kukaribishwa. "Nilikwambia uzungumze naye, kaka," akasema. "Nilikwambia hivyo tu."

Komeo hakupaza sauti. Akatazama meza, ambako ukurasa ule ulikuwa umetandazwa na utepe bado uko juu yake.

"Umeshaipima?"

"Nimepima."

"Ngapi?"

"Arobaini na moja."

Komeo akatikisa kichwa taratibu. Akaenda ukutani, akaishika suti begani kwa mkono wake mzima, akapapasa mshono, akafika kwenye matundu ya vifungo yaliyokuwa wazi.

"Umeshona vizuri, mjomba," akasema. "Vifungo usiweke."

Akatoka. Mama yake akaichukua picha ya eksirei kutoka mezani, akairudisha ndani ya bahasha yake, akamfuata.